Joto la Chumba cha Kulala

Katika mambo ambayo Sheria yetu tukufu imeyatilia maanani, na sisi wenyewe twayapita kama kwamba hayatuhusu, mojawapo ni joto. Mwenye kusoma vitabu vya Hadithi atakuta katika Bukhari na Muslim ya kwamba Mtume wetu Muhammad (rehema na amani za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake) aliwaamrisha Masahaba wake waicheleweshe Sala ya Adhuhuri mpaka ukali wa jua upungue, pale joto linapozidi. Na mwenye kusoma Qurani Tukufu, katika Sura An-Nur, aya ya 58, atakuta ya kwamba watumishi na watoto wametakiwa waombe ruhusa kabla ya kuingia vyumbani katika nyakati tatu, na mojawapo ya nyakati hizo ni adhuhuri, saa ambayo watu huvua nguo zao wakapumzika. Basi ikiwa Sala, ambayo ndiyo nguzo ya dini, imefanyiwa wepesi kwa ajili ya joto, na ikiwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimeweka adabu ya chumba cha mwenye kupumzika mchana, itakuwaje sisi tujenge nyumba, tununue vitanda na kuwalaza watoto wetu bila ya kujiuliza hata mara moja: chumba hiki kina joto gani wakati wa usiku?

Swali hili si la anasa, wala si la matajiri peke yao. Twaliuliza kwa ajili ya jamaa zetu wa Handeni na Korogwe khasa, kwa sababu huko jibu lake lina uhusiano na Sala ya Alfajiri, na afya ya mtoto, na wakati mwingine uhai wenyewe.

Mji wa Korogwe umekaa bondeni, kando ya Mto Pangani, mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Upepo wa bahari hufika huko umekwisha kuchoka, na milima ya Usambara imesimama karibu kama ukuta. Handeni iko juu zaidi, lakini ni nchi kavu yenye jua kali na miti michache kuzunguka nyumba. Tangu Desemba hata Machi, majira ya kaskazi, joto la mchana katika sehemu hizi hupita digrii 30 za Sentigredi siku baada ya siku. Mwenye kupita Chanika, Mkata, Kabuku au Mombo saa nne za usiku katika miezi hiyo ataona familia nzima nzima zimekaa barazani juu ya mikeka. Si kwamba mazungumzo yamenoga. Ni kwamba ndani hapaingiliki. Huketi hivyo mpaka saa sita, mbu wakiwala miguu, ndipo huingia mmoja mmoja. Akishaingia baba hugeuka kulia, hugeuka kushoto, shuka limeloa jasho, mtoto analia, na hapo husikika yale maneno ambayo yamezoeleka katika nyumba nyingi: “Mama Asha, hebu kiinue hicho chandarua, tunakufa joto.” Chandarua kikainuliwa. Usingizi wenyewe ukaja saa tisa. Saa kumi na moja muadhini akaadhini, na mwenye nyumba hakusikia.

Twamlaumu mtu huyu kwa kuipitisha Alfajiri, na lawama yake anayo. Lakini yafaa pia tujue ni nini kilichompata mwilini mwake.

Mwili wa binadamu hauna joto lilelile mchana na usiku. Mwenyezi Mungu ameujaalia utaratibu wake: jioni inapoingia, damu husukumwa kwa wingi kwenye ngozi, khasa ya viganja na nyayo, na kutoka hapo joto la ndani hutoka kwenda hewani. Joto la moyoni mwa mwili hushuka kwa kadiri ya digrii 1, na kushuka huko ndiko kunakofungua mlango wa usingizi. Huendelea kuwa chini usiku wote, na kufika kima chake cha chini kabisa kabla kidogo ya alfajiri. Kisha huanza kupanda tena na kumwandaa mtu kuamka. Sasa ikiwa hewa ya chumbani imekaribia joto la ngozi yenyewe, joto la mwili litakwenda wapi? Halina pa kwenda. Mwili hujaribu njia ya jasho. Na jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Katika chumba kilichofungwa, ambamo hewa imejaa mvuke wa pumzi za watu, jasho hukaa juu ya ngozi kama maji tu. Ndipo mtu hulala usingizi wa juu juu. Wataalamu wanaopima usingizi wamethibitisha ya kwamba joto likizidi, usingizi mzito hupungua, na usingizi wa ndoto hupungua pia, na mwenye kulala huamka mara nyingi zaidi hata kama asubuhi hakumbuki kuwa aliamka. Tena usingizi wa ndoto una udhaifu wake: katika saa hizo mwili hupunguza kazi ya kujipoza, na kwa hivyo chumba kibaya huuonea pale ulipo dhaifu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umepatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles pamoja na wenzao, kati ya Wahadzabe wanaoishi upande wa Ziwa Eyasi, na makabila mengine mawili ya Namibia na Bolivia, watu wasio na umeme wala taa. Wengi walidhani watu kama hao hulala jua linapozama. Haikuwa hivyo. Walilala, kwa wastani, saa tatu na zaidi baada ya Magharibi, wakati ubaridi wa usiku ulipokuwa umeanza kushuka. Walilala muda wote joto la nje lilipokuwa likipungua. Na wakaamka karibu na saa ile ambayo baridi imefika mwisho wake. Yaani kipimo chao cha usingizi hakikuwa giza peke yake, bali na ubaridi wa hewa iliyowazunguka. Mtu wa Handeni anayekaa barazani hata saa sita hafanyi uvivu, basi; mwili wake unangoja kile ambacho mwili wa Mhadzabe unakipata bure chini ya mbingu.

Vitabu vya madaktari wa Ulaya hushauri chumba cha kulala kiwe na digrii 16 hadi 19 hivi. Wasomaji wetu wasitishike na hesabu hiyo. Watu wa huko hulala ndani ya mablanketi mazito, na miili yao imezoea nchi yao. Anayetaka digrii 18 mjini Korogwe mwezi wa Februari hana ila kununua kiyoyozi na kulipa umeme wake, na sisi hatumwandikii mtu huyo. Mwili uliokulia katika nchi ya joto hutosheka na digrii 25 au 26, madhali pana upepo mdogo unaopita juu ya ngozi na shuka moja nyepesi. Na jambo hili, tofauti na kiyoyozi, laweza kupatikana kwa akili na jembe.

Kwa nini basi vyumba vyetu vina moto hata usiku wa manane, ilhali uani pamekwisha kupoa? Kwanza ni paa. Zamani nyumba za Wazigua na Wasambaa ziliezekwa kwa nyasi, na unene wa nyasi zile ulishika hewa ndani yake, jua likapiga juu na chini pakabaki kivuli kweli. Leo kila mwenye uwezo huezeka kwa mabati, na si haki kumcheka: nyasi huoza, huvuja, hushika moto, huficha nyoka na kila baada ya miaka michache hutaka kubadilishwa. Lakini bati ni jembamba. Jua likilipiga hupata moto hata halishikiki kwa mkono, na mchana kutwa humimina joto lake ndani. Usiku lenyewe hupoa upesi, na kwa sababu hiyo watu hudhani halina kosa. Kumbe joto lile limekwisha kunywewa na kuta za tofali, nazo hulitema polepole kuanzia Magharibi mpaka saa sita au saa saba. Unalala, kwa hakika, ndani ya tanuri lililozimwa jioni.

Pili ni wingi wa watu. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kadiri ya wati 70 au 80, sawasawa na taa moja ya umeme ya zile za zamani. Walaze watu sita katika chumba kimoja, umewasha taa sita usiku kucha. Hiyo ni karibu nusu ya nguvu ya pasi ya umeme. Na hapa tukumbuke ya kwamba Mtume (rehema na amani ziwe juu yake) ametuagiza tuwatenganishe watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Hikima ya agizo hilo inajulikana, nayo ni adabu na sitara. Lakini atakayelifuata kwa kupata chumba cha pili, hata kiwe kidogo, ataona na faida hii ya hewa.

Tatu ni madirisha yaliyofungwa, nayo tutayarudia baadaye, kwa kuwa yana jambo zito ndani yake.

Sasa tuje kwenye chandarua, kwani hapo ndipo khatari ilipo. Wilaya ya Korogwe inajulikana na wataalamu wa malaria duniani kote. Ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika ambako chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto kati ya mwaka 2009 na 2014, na kabla ya hapo watafiti walikuwa wakipima damu za wanavijiji wake mwaka baada ya mwaka. Katika vijiji vya bondeni, mwaka 2003, zaidi ya robo tatu ya waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria. Mwaka 2008 walikuwa kama mmoja katika wanane. Kuna sababu kadhaa za upungufu huo, na chandarua ni miongoni mwazo. Ni neema kubwa. Lakini ni neema inayosimama juu ya sharti moja: mtu awe ndani ya chandarua, na chandarua kiwe kimechomekwa chini ya godoro.

Na ukiwauliza watu katika nchi za joto kwa nini wana chandarua na hawakitumii, jibu lao la kawaida si kwamba hawaamini dawa yake. Ni kwamba ndani yake kuna joto. Wala hawasemi uongo. Upepo umepimwa ndani na nje ya vyandarua, ikaonekana ya kwamba kitambaa kile chenye vitundu vidogo huzuia zaidi ya nusu ya mwendo wa hewa. Katika chumba chenye hewa ya kutembea, nusu iliyobaki hutosha. Katika chumba kisicho na upepo wowote, nusu ya si kitu ni si kitu. Kwa hivyo mwenye kugawa vyandarua na kuacha chumba kiwe tanuri amefanya nusu ya kazi, na baba anayemkaripia mkewe kwa kukiinua chandarua, ilhali yeye ndiye aliyejenga chumba kisicho na tundu, angejikaripia mwenyewe kwanza.

Je, haiwezekani kupata chumba kilicho baridi na kisichoingia mbu? Yapo mambo mawili yanayogombana. Ile nafasi iliyo wazi kati ya ukuta na paa, ambayo wazee wetu waliiacha kwa ajili ya moshi na hewa, ndiyo njia kubwa wanayopitia mbu wa malaria. Ukiiziba kwa udongo, mbu hupungua na joto huzidi. Ukiiacha, joto hupungua na mbu huingia. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, ambayo ni jirani na Korogwe, wasanifu wa majengo kutoka Denmark wakishirikiana na watafiti wa Tanzania walijenga nyumba 6 za majaribio ili kuusuluhisha ugomvi huo. Kuta zao zilikuwa nyepesi zenye kupitisha hewa, za mianzi, mbao au wavu wa kivuli. Madirisha yote yaliwekwa wavu wa kuzuia mbu. Na vyumba vya kulala viliinuliwa kutoka ardhini, nyumba 4 kati yake zikiwa za ghorofa. Majibu yake yalitangazwa mwaka 2017. Nyumba hizo zilikuwa na ubaridi wa digrii 2 na ziada kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na katika zile za ghorofa mbu walipungua kwa 96 katika kila 100. Digrii 2 zaonekana chache kwenye karatasi. Mwenye kulala ndiye anayejua tofauti yake. Na la kuzingatia ni kwamba vitu hivi viwili, ubaridi na kinga ya mbu, vilipatikana kwa pamoja, kwa wavu na kwa kuinua kitanda, bila ya mashine yoyote.

Si kila mtu atajenga nyumba ya ghorofa ya mianzi, na hatusemi ajenge. Lakini fundi anayejenga leo Segera au Kwamsisi aweza kuchukua somo lake: ile nafasi ya juu ya ukuta asiizibe kwa udongo, aizibe kwa wavu wa mbu uliokazwa vizuri. Hiyo ni gharama ya mabati machache.

Tulisema tutarudi kwenye madirisha. Watu wanaoandika mambo ya afya huandika kwa wepesi: fungua madirisha ulale. Hawafikirii ya kwamba nyumba ya Muislamu ina sitara yake, na kwamba mwanamke hawezi kuambiwa alale dirisha wazi ubavuni mwa njia ipitayo watu, wala mwenye nyumba hawezi kuambiwa asiogope mwizi. Hofu hizi ni za haki. Kosa letu ni kudhani ya kwamba njia ya kuzitimiza ni moja tu, yaani kufunga kila kitu. Waislamu waliotutangulia hawakufanya hivyo. Huko Lamu nyumba za mawe zilifungwa upande wa njia, na hewa na mwanga vikachukuliwa kutoka kiwanda kilichokuwa ndani ya nyumba, ambacho hakuna mpita njia akionaye. Huko Dubai na Bahrain, ambako joto la kiangazi ni la kutisha kuliko letu, walijenga minara ya kunasa upepo wa juu na kuuteremsha vyumbani, na ukuta wa chini ukabaki mzima. Watu wao wengi walikuwa wakilala juu ya mapaa, na imo katika Sunan za Abu Daud Hadithi inayomkataza mtu kulala juu ya paa lisilo na kizuizi, asije akaanguka. Maana yake ni kwamba kulala palipo na hewa hakukukatazwa, kilichokatazwa ni kulala bila ya hadhari.

Kwa nyumba zetu za vijijini, sitara na hewa hupatana kwa mambo madogo. Toboa matundu ya hewa juu kabisa ya ukuta, kimo cha kupita kichwa cha mtu, uyawekee wavu. Hakuna achunguliaye huko. Yawe pande mbili za chumba zinazotazamana, kwa kuwa tundu moja peke yake halileti upepo: hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Madirisha ya mbao yapigwe vibao vya mshazari, vinavyopitisha hewa na kuzuia jicho. Ua wa makuti au wa fito mbele ya dirisha la chumba cha kulala humwezesha mwenye nyumba kulifungua usiku kucha pasi na wasiwasi wa mpita njia.

Yako na mengine yasiyohitaji fundi. Mchana, nje kukiwa na moto kuliko ndani, dirisha la upande wa jua lifungwe na pazia literemshwe. Jioni nje kukipoa, yote yafunguliwe, madhali wavu upo. Wengi hufanya kinyume chake. Ukuta wa magharibi ndio unaopigwa na jua la mwisho, nao ndio unaohifadhi joto la usiku. Hapo pandwe mwembe au mwarobaini, kwa umbali ambao mizizi haitaudhuru msingi. Dari, hata iwe ya magunia yaliyokazwa na kupakwa chokaa, hukata joto la bati, na bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi wa jua ulikotoka. Jiko la kupikia chakula cha usiku lisiwe ndani ya nyumba ya kulala.

Na kitanda pia. Godoro la sponji limeingia kila nyumba, nalo ni laini na rahisi. Lakini hushika joto la mwili likarudisha pale pale. Kitanda cha kamba chenye mkeka juu yake, ambacho vijana sasa wakiona ni cha umasikini, hupitisha hewa kutoka chini. Wilaya ya Korogwe ni nchi ya mkonge. Ni ajabu kidogo kwamba watu wanaoishi katikati ya kamba bora hulala juu ya povu wakatoka jasho. Mwenye godoro la usufi yuko kati na kati.

Kwa nyumba zenye umeme, pangaboi, au feni kama vijana waiitavyo, ni kitu chema, bali ieleweke kazi yake. Haipozi hewa, inaitembeza, ili jasho likauke. Mtu aliye mbele yake huhisi kama kwamba joto limepungua digrii 2 au 3. Kwa hivyo haina faida kuiwasha katika chumba kisichokuwa na mtu, na iwekwe karibu na kitanda ikielekea chandaruani, kusudi ile nusu ya upepo inayopotea kwenye kitambaa isiwe ndiyo yote.

Kuhusu udhu kabla ya kulala, ambao ni Sunna iliyothibiti katika Hadithi ya Baraa bin Azib, wako wanaosema siku hizi ya kwamba umewekwa kwa ajili ya kupoza mwili. Sisi hatusemi hivyo. Ibada ni ibada, na hatuitafutii idhini kwa daktari. Ila yule aliyeosha uso, mikono na miguu, kisha akalala, ameacha maji yakauke juu ya viungo vile vile ambavyo mwili hutolea joto lake, na hilo atalihisi mwenyewe.

Mambo haya huwa mazito zaidi katika Ramadhani. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kwa kuwa kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, itaendelea kubaki ndani ya majira ya joto mpaka ifike Desemba mwaka 2030. Katika mwezi huo usiku umegawanyika: Tarawehe mwanzoni, daku mwishoni, na katikati saa chache tu. Saa hizo zikipotea kwa kutoka jasho, mtu atafunga mchana akiwa mgonjwa wa usingizi. Kailula, usingizi wa mchana uliopendekezwa, ungemfidia. Lakini asilale ndani chini ya bati saa nane za mchana, saa iliyo mbaya kuliko zote. Kivuli cha mti, au baraza isiyofikiwa na jua, ni bora mara nyingi.

Yote tuliyoyasema ni ya bondeni. Lakini wilaya hiyo hiyo ya Korogwe inapanda milimani, na ndugu zetu wa Bungu na Vugiri, watakaposoma habari za joto, watacheka. Wao mwezi wa Juni hata Agosti hulala wakitetemeka. Kwao tuna neno moja, na ni zito kuliko yote. Baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka bila ya hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Huingia katika damu na kuishika kwa nguvu inayozidi ile ya hewa safi mara 200 na zaidi, hata damu isiweze kubeba kitu kingine. Mwenye kulala haamki kwa kukosa pumzi, kwa sababu hahisi kuwa amekosa. Huumwa kichwa, hulegea, na usingizi huungana na mauti. Katika mikoa ya baridi ya nchi yetu familia nzima zimekutwa hivyo asubuhi, milango ikiwa imefungwa kwa ndani. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yasiyo na moshi, hayana usalama wowote. Khasa ndiyo yanayodanganya.

Na Mtume wetu (rehema na amani ziwe juu yake) alikwisha tukataza kuacha moto ukiwaka majumbani mwetu tunapolala. Imo katika Bukhari na Muslim. Ilitokea Madina nyumba ikawaka usiku juu ya wenyewe, akaueleza moto kuwa ni adui. Mtu aliyekuwa akidhani katazo hilo lahusu taa za mafuta peke yake, na kwamba kwa kuja umeme limekwisha kazi, alitazame tena jiko lililo chini ya kitanda chake. Anayetaka kuota, na aote jioni sebuleni mlango ukiwa wazi. Kisha jiko litolewe nje kabisa, lisiwekwe ukumbini wala mlangoni, makaa yazimwe kwa mchanga, ndipo mlango ufungwe. Baridi ya kitandani huondolewa kwa blanketi la pili, kwa soksi miguuni, kwa kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, na kwa mkeka mnene kati ya kamba na godoro.

Watoto wachanga wana hukumu yao, mlimani na bondeni. Mama na bibi kwa mapenzi yao humvika mtoto fulana, sweta, kofia na soksi, kisha wakamzungushia kanga mbili, hata mwezi wa Februari. Mtoto mchanga hutoa joto lake jingi kwa kichwa, na akizidiwa na joto hawezi kusema wala kujifunua. Nako kuzidiwa na joto usingizini ni miongoni mwa mambo yanayoongeza khatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Mikono yake ikiwa baridi si dalili, kwani mikono ya watoto huwa baridi. Mama na aingize vidole nyuma ya shingo ya mtoto au kifuani: akikuta jasho au moto, apunguze nguo moja, na kofia aivue ndani ya nyumba.